Nyumba Saba Bila Kesho

Mimi nilisoma madarasa mawili tu, na hilo la pili sikulimaliza, kwa hivyo mkinikuta nimetoka nje ya mstari mnivumilie. Baba alikuja shuleni akaniita kupitia dirishani, akasema mbuzi wamekosa mtu, nikatoka, na mpaka leo sijarudi. Hiyo ilikuwa Mutomo, kusini mwa Kitui, nilikozaliwa. Lakini ninayotaka kusimulia yalinipata huku milimani Kilungu nilikoolewa. Leo ni Makueni, siku hizo watu walikuwa bado wanasema Machakos. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha, na mimi nilikuwa mwanamke mwenye mdomo mbaya kuliko wote wa kijiji chetu.

Sisemi mdomo wa matusi. Matusi sikuwa nayo. Mdomo wangu ulikuwa wa kutangulia mbele kwenda kuyatafuta mabaya kabla hayajafika. Mtu akisema ng'ombe wake ana mimba, mimi namwambia ndama wa kwanza mara nyingi huwa hasimami. Mtu akishona nguo ya harusi, mimi nauliza kama watu wa upande ule si ndio wana ugonjwa wa kifua. Mchungaji akiniombea, "Amina" yangu ilitoka kama mtu anayeuliza swali. Hata chakula sikukila vizuri. Nikiweka kijiko cha kwanza mdomoni nilikuwa nahesabu sufuria itaisha lini.

Sababu ilikuwepo, sikuzaliwa hivyo. Nilikulia mahali ambapo mvua ni mgeni asiyeaga wala kubisha hodi. Halafu mtoto wangu wa kwanza, msichana, alishikwa na surua nilipokuwa nimeenda nyumbani kwa mama kumsalimia. Siku tatu. Jioni ya siku ya pili alikuwa amecheka, nikamwambia mama, huyu amepona, nami nikacheka pia. Kesho yake tukamzika. Baada ya hapo nikaapa moyoni kwamba sitafurahi tena kabla ya wakati. Nilidhani ubaya nikiutaja mapema hautanishtukiza. Ni kama mtu anayejipiga kofi kila asubuhi ili akija kupigwa na mwingine asisikie uchungu. Na kofi lile nililipiga miaka saba bila kupumzika, na mashavu ya watu wa nyumbani kwangu nikayapiga vilevile.

Wacha nirudi kwa mitaro.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, na katikati yake kulikuwa na korongo. Nilipoolewa lilikuwa kama alama ya mtu aliyeburuta fimbo. Mbuzi aliliruka. Mwaka ninaousema, mbuzi alianguka humo ndani na tukamtoa kwa kamba. Kila msimu lilikula udongo likipanda juu, na kutoka ukingo wake mpaka mlango wa jikoni zilibaki hatua arobaini, nilizipima kila mwezi na miguu yangu. Kati ya ukingo na mlango kulikuwa na mbaazi zetu zote. Mume wangu alikuwa Mombasa akilinda godauni, anakuja Pasaka na Krismasi, na korongo halingoji Krismasi. Peke yangu nisingeliweza. Dawa yake ilikuwa moja, kupata mitaro juu yake kabla ya mvua kubwa za Oktoba, na mitaro ilichimbwa na mwethya.

Mwethya ni kikundi cha kazi. Chetu kilikuwa na wanawake kumi na wanane. Jumanne na Alhamisi tunakusanyika kwa mmoja wetu, huyu na jembe, huyu na sepetu, tunamchimbia mitaro yake, na wiki inayofuata tunahamia kwa mwingine. Hakuna malipo. Mwenye shamba anapika uji basi. Kwa hivyo zamu ndiyo ilikuwa mali yetu, na mtu alilinda zamu yake kuliko kuku.

Kuchimba kwenyewe kulikuwa kwa fanya juu. Bwana shamba alikuwa amekuja na kamba yake na pima maji, akatuwekea vigingi, akatuonyesha: unakata mfereji kuukatiza mteremko kwa upana, na udongo wote unaotoa unautupa upande wa juu. Udongo ukirundikana huko juu unakuwa tuta. Maji yakiteremka yanakuta tuta, yanasimama, yanalala, yanaingia ardhini. Sasa, kutupa udongo juu ni kazi ya kuvunja mgongo. Mwili unataka kuutupa chini, kwa sababu chini ni rahisi. Ndiyo maana tuliimba. Kulikuwa na susu mmoja, yaani bibi mzee, mwembamba kama mpini, meno yake mtu angeyahesabu bila kusimama, naye ndiye aliyetuimbisha. Anatoa mstari, sisi tunaitikia, na kwa kuitikia udongo unaruka juu wenyewe. Alikuwa anatunga hapohapo. Ukichelewa anakuimba. Ukiiba ndizi za jirani anakuimba. Na kwa desturi yetu wimbo wa kazi haukasirikiwi.

Mwezi wa Machi tulichimba kwa mwenyekiti wetu. Alikuwa mjane, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, sauti yake ilisikika ng'ambo ya kilima, na zamu iliyofuata baada yake ilikuwa yangu. Siku ile nilisimama mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya kichaka, na mwanamke mmoja mpole aliyekuwa karibu yangu alipata taabu, maana nilimchosha masikio mchana kutwa. Mtaro huu utavunjika, nikamwambia. Udongo wa hapa ni mwepesi. Bwana shamba mwenyewe ni kijana, anajua nini? Huko kwetu Mutomo walichimba kama huu ukaenda na maji pamoja na ng'ombe. Sikuitikia wimbo hata mara moja.

Aprili mvua ikanyesha, na asubuhi moja tukasikia mtaro wa mwenyekiti umevunjika. Tukaenda wote kuangalia. Maji yalikuwa yamepita katikati ya mahindi yake machanga kama gari. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu kikaniruka ndani, kitu kama furaha.

"Si nilisema?" nikapaza sauti. "Si niliwaambia utavunjika? Mnaona sasa?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale kwenye pengo, matope magotini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitia hofu.

"Hebu kuja hapa, mama," akaniambia. "Simama. Hapa alichimba nani?"

Nikaangalia kile kichaka.

"Tuta lote linafika kiunoni," akasema. "Hapa kwa hatua tisa linafika gotini. Hatua tisa tu. Nani alikuwa hapa?"

Susu akainama akachokora na mpini wake upande wa chini wa mfereji. "Udongo wenyewe si huu hapa?" akasema. "Ulitupwa chini. Mdomo ulikuwa kazini, mikono ikaenda likizo."

Wengine walicheka, mwenyekiti hakucheka. Na mimi nikaona kwa macho yangu kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nilitabiri, na nikatimiza mwenyewe utabiri wangu. Wakati nasema utavunjika, mikono yangu ilikuwa inauvunja. Nilitamani lile korongo langu lingekuwa karibu niingie.

Zamu yangu wakairuka, msimu ule nikalima bila mitaro, na korongo likala hatua sita. Zikabaki thelathini na nne.

Agosti, mavuno yakishaingia, tukakaa kwa mwenyekiti kupanga zamu. Nyumba saba ndizo zingewahi kabla ya mvua, nyumba moja kila wiki. Akataja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina langu sikulisikia. Akataja ya sita.

"Na ya saba?" nikauliza.

"Ya saba tunajadili," akasema. "Watu hawataki kuja kwako, mama, nakuambia ukweli. Wanasema ulitoa ukame Mutomo ukaubeba mdomoni mpaka huku. Tukichimba na wewe tunachoka mara mbili."

Nikaanza kulia. Sikulia kwa ustaarabu. Nikawaambia kuhusu zile hatua thelathini na nne, na mbaazi, na watoto wawili wanaolala jikoni. Nikaanza kuwaambia nyumba itakavyoanguka, watoto watakavyofunikwa, mume atakavyopokea simu ya kifo huko Mombasa, na susu akapiga makofi.

"Ndio huo! Ndio huo ugonjwa! Umeshazika watoto wazima wako hapo nje wanacheza!"

Na kweli walikuwa hapo nje, nikawasikia.

Susu akasema ana dawa. Alisema kwa mzaha, na mpaka leo naamini alitaka tu watu wacheke kikao kiishe. "Tumpe nyumba ya saba," akasema. "Lakini akiwa na jembe mkononi asitaje kesho. Asitaje mvua itakayokuja, tuta litakalovunjika, mtu atakayekufa. Aseme anachokiona na anachokisikia. Kama hakuna anachokiona, anyamaze."

"Na akitaja?" mtu akauliza.

"Akitaja mara moja," mwenyekiti akasema, "zamu yake inarudi nyuma nyumba moja." Akanitazama. "Na nyuma ya ya saba hakuna nyumba, mama. Kuna mvua."

Nikakubali. Ningekubali hata kuchimba kwa meno.

Basi Jumanne ya kwanza nikaenda na jembe langu, nikajipanga katikati ya mstari, si mwisho tena, na hapo nikagundua jambo la aibu. Sikuwa na la kusema. Ukiondoa kesho mdomoni mwangu, mdomo ulibaki mtupu kama debe. Kila neno lililokuja lilikuwa na "ta" ndani yake. Litaanguka, watakosa, tutaona. Nikayameza moja moja. Mpaka saa nne nilikuwa sijatoa sauti, na wanawake walikuwa wameanza kunichungulia kama mgonjwa.

Halafu jembe langu likafukua kitu. Nikakiangalia. Nikasema kwa sauti:

"Jongoo."

Majembe yote yakasimama.

"Amesema nini?"

"Amesema jongoo!"

"Ana nini huyo jongoo?" mwenyekiti akauliza.

"Anapita," nikasema.

Jamani, walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye mfereji. Yule mwanamke mpole niliyemtesa Machi akafuta machozi na leso, akasema, "Miaka saba namjua, leo ndiyo siku ya kwanza ameniambia habari ya ukweli." Na mmoja mjanja akanitegea mtego: "Mama, na wazee husema jongoo akitoka ni dalili ya nini?" Nikahisi jibu limenijaa kinywani, mvua ya mafuriko, limeiva kabisa. Nikafunga meno. Nikamwambia, "Ni dalili ya jongoo." Susu akalia kwa kicheko, akanitungia mstari hapohapo, na mchana kutwa wakaitikia jongoo wangu.

Msidhani nilipona siku hiyo. Kunyamaza ni kitu kimoja na moyo ni kingine. Nikifika nyumbani, jembe likiwa limewekwa, ruhusa ilikuwepo, nami niliitumia. Nilimweleza mama mkwe mabaya yote niliyoyaweka akiba. Alikuwa mama wa maneno machache, anasuka kiondo akitembea, akikaa, nadhani hata akiota. Siku moja akanikatiza: "Kwa nini hizo habari nzuri za jongoo unawapa wengine, na mimi unaniletea matanga?" Alikuwa amesikia. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Basi nikaanza kumletea na yeye.

Na hapa ndipo sijui nielezeeje, kwa sababu sina masomo. Ukijua kwamba jioni kuna mtu anangoja umwambie ulichokiona, inabidi uone. Nilianza kutembea nikiangalia. Nilimwambia habari ya visigino vya mwenyekiti, vimepasuka kama mto uliokauka, na kwamba kwenye ufa mmoja kulikuwa na mbegu ya kunde. Nilimwambia uji wa nyumba ya pili ulikuwa wa mtama, mzito, na moshi ndani yake, na kwamba niliunywa wote nikalamba kibuyu. Mama mkwe akaacha kusuka. "Ulilamba?" Nikasema nililamba. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekunywa uji wa watu miaka yote hiyo na sikujua una ladha.

Nyumba ya tatu nikakaribia kupotea. Jiwe liliruka likamkata mwanamke mmoja mguuni, damu nyingi, nami nikafungua mdomo kusema pepopunda, nikamwona yule susu amenikazia macho. Nikabadilisha njia katikati. Nikasema, "Damu ni nyekundu na inatoka. Nipe leso." Nikamfunga. Alipona vizuri. Kwa nini nisikiri? Ningekuwa na ruhusa ya kumzika kwa mdomo, ningemzika, na nisingemfunga kile kidonda.

Nyumba ya tano ndiyo ilibadilisha kila kitu. Susu alikuwa amekauka sauti kwa kikohozi, akaja hata hivyo, akakaa kwenye jiwe akipunga mkono. Bila wimbo kazi ikawa nzito. Jua lilikuwa kali, udongo mgumu, na udongo ukaanza kuanguka chini badala ya kwenda juu, kwa mikono ya watu wazuri kabisa, si mimi. Mwenyekiti akajaribu kuimba, lakini sauti ya kuamrisha si sauti ya kuimbisha. Akaacha.

Mimi nilikuwa nimezoea kwa wiki tano kusema ninachokiona. Kikatoka tu. Kikatoka kwa wimbo:

"Namwona mama wa nguo ya bluu—"

Hakuna aliyeitikia. Nikarudia, na nikatupa udongo juu kwa nguvu ili waelewe:

"Namwona mama wa nguo ya bluu—"

"Juu!" mmoja akaitikia.

"Nguo imepasuka, goti linachungulia—"

"Juu!"

"Jembe la mwenyekiti limepinda shingo—"

"Juu!"

"Linatuinamia, linatusalimia—"

"Juu!"

Kwa Kikamba ilikuwa tamu zaidi, haya ni mabaki yake. Niliimba nguo, nikaimba jasho lililokuwa linaning'inia puani mwa jirani yangu likikataa kuanguka, nikaimba kunguru aliyekuwa anatuangalia kama mnyapara. Kila nilichokiona kilikuwa mstari, na vitu vilikuwa vingi, havikuisha. Mstari mzima wa wanawake ukawa mkono mmoja. Tuta likapanda. Tulipomaliza jua lilikuwa bado liko juu, na susu akanyanyuka kwenye jiwe lake, akaja mpaka usoni kwangu, akasema kwa ile sauti ya majani makavu:

"Ulikuwa umeificha wapi, mwizi wewe?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli.

Nyumba ya sita niliimbisha siku zote mbili. Halafu ikafika ya saba. Yangu.

Jumanne tukachimba mtaro wa kwanza na wa pili, juu kabisa ya korongo. Alhamisi ulibaki wa tatu, ule mkubwa, wa kulifunga korongo kichwani. Bwana shamba alisema huo ndio utakaoamua: ukifungwa, korongo linakosa maji na linakoma, ukibaki na pengo, maji yote ya mlima yatapita hapo pamoja, na yatakuwa mabaya kuliko kutochimba. Tukaanza mapema. Saa sita upepo ukageuka. Saa nane upande wa mashariki ulikuwa mweusi kama sufuria, na ngurumo zikawa zinatembea. Mvua ilikuwa imekuja kabla ya siku zake.

Zilibaki hatua ishirini. Katikati ya tuta la huku na tuta la kule kulikuwa na mdomo wazi, na chini ya ule mdomo korongo, na chini ya korongo mbaazi, na jikoni. Wanawake wakaanza kunyoosha migongo na kutazama juu. Wengine walikuwa wameanika mahindi nyumbani. Mmoja akafunga leso kiunoni kama mtu wa safari.

Mwenyekiti akasimamisha jembe. "Hatutamaliza," akasema. "Mvua itatukuta katikati, na itabomoa hata hiyo tuliyo..."

"Amesema kesho!" susu akapiga kelele. Sauti yake ilikuwa imerudi, na siku hiyo ilirudi na dada zake. "Mwenyekiti amesema kesho akiwa na jembe mkononi! Rudisha zamu yake nyuma! Rudisha!"

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Mwenyekiti mwenyewe akaziba mdomo na mkono wa matope, matope yakabaki usoni. Lakini kicheko kikiisha wote walinigeukia mimi. Shamba lilikuwa langu. Walikuwa wanangoja niseme.

Nawaambia ukweli wote, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumficha. Ndani yangu yule mwanamke wa zamani alisimama na akanena yote. Aliona nyumba inakwenda. Aliona watoto. Alimwona hata yule msichana wangu wa surua, na akaniambia, unakumbuka ulipocheka? Sikumfukuza. Hafukuzwi. Nilimwacha aseme, nikaangalia chini.

"Mimi naona hatua ishirini," nikasema. "Naona majembe kumi na nane. Mvua siioni. Naona mawingu."

"Na mawingu hayachimbi," mwenyekiti akasema, akaliinua jembe.

Nikaanza wimbo. Niliimba hatua kumi na tisa. Niliimba kumi na nane. Niliimba yale matope kwenye shavu la mwenyekiti mpaka yakawa na jina na ukoo. Upepo ulikuwa unachukua maneno yangu kuyapeleka ng'ambo, nikaimba kwa nguvu zaidi, na nikitoa mstari, wenzangu kumi na saba walinijibu kwa "Juu!" na udongo ukaruka kama kuku waliotishwa. Mama mkwe alitoka nyumbani. Mama yule hakuwa wa mwethya, mgongo wake ulikuwa umemaliza kazi zamani. Alikuja na karai, akapiga magoti, akawa anajaza udongo kwa mikono na kutupandishia. Zikabaki hatua tano. Tone la kwanza likaanguka kwenye mkono wangu, nikaliimba na hilo. Lilikuwa baridi, lilikuwa kubwa, lilikuwa moja. Zikabaki tatu. Zikabaki mbili, matuta mawili yakatazamana, na mwenyekiti na mimi tukawa tunatupa sehemu moja, jembe lake likigonga langu, mpaka pakafungwa. Tukapakanyaga kwa miguu, kumi na nane na mama mkwe, tukirukaruka juu yake kama watoto kitandani.

Ndipo mbingu ikafunguka.

Hakuna aliyekimbia. Tulisimama juu ya tuta, nguo zimegandana na miili, tukingoja maji ya mlima. Yakaja, mekundu, yakibeba vijiti na majani na kiatu cha mtu. Yakafika kwenye tuta la kwanza, mengine yakalala, mengine yakapita pembeni. Yakafika la pili. Halafu yakaja kwetu, yakaligonga tuta chini ya nyayo zetu, nikalisikia linatetemeka, hatua zile ishirini hasa, mbichi kabisa. Maji yakapanda. Yakafika nusu. Yakajizungusha kama ng'ombe anayetafuta pa kulalia. Halafu yakalala.

Nikageuka nikaangalia korongo nyuma yangu. Lilikuwa linanyeshewa kama mahali pengine popote, matone tu. Hakuna mto.

"Litashika mpaka asubuhi?" mwanamke mpole akaniuliza sikioni. Hakuwa ananitega. Alikuwa anaogopa, masikini, na aliniuliza mimi kwa sababu nilijulikana kwa kujua ya mbele.

"Sijui, dada," nikamwambia. "Saa hii limeshika. Angalia linavyoshika."

Nikamshika mkono tukaruka upande wa juu wa tuta, ndani ya maji yaliyolala, yakatufika mapajani, na wengine wakaruka nyuma yetu wakipiga vigelegele, wake za watu, akina mama wa kanisa, mwenyekiti na sauti yake, susu amebebwa mgongoni na mmoja wetu akiamuru, "Nishushe na mimi! Nishushe, sijafa!" Tulicheza pale. Wimbo sikumbuki nani aliutoa. Nakumbuka maji yalikuwa vuguvugu juu na baridi chini. Nakumbuka udongo laini katikati ya vidole vya miguu. Watoto wangu wawili walikuwa mlangoni wakipiga kelele kwa furaha kumwona mama yao amekuwa wazimu, nami nikacheka, nikacheka waziwazi kabla ya wakati, bila kuomba msamaha kwa yeyote.

Misimu mingine ilikuja baadaye, na sitawadanganya, mingine ilikuwa mikavu ikatulaza njaa. Yule mwanamke wa zamani bado huja kunitembelea, hata wiki jana alikuja. Lakini siku hiyo tuliingia jikoni wote tukiwa tumelowa, tukajibana mpaka ukutani. Mama mkwe akalalamika kwamba tumemjazia matope nyumba nzima, na matope yenyewe yalikuwa yamemfika mpaka kwenye nyusi. Akafunua sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi, mvuke ukatujaa usoni. Akanipakulia mimi kwanza, sahani imejaa mpaka pembeni.

"Kula, mwimbishaji," akasema.

Nikala ikiwa moto.